Ziwa Limerudi Kwao: Nani Alikuuzia Hiyo Ploti?

Kama umewahi kwenda Vasha, iwe ni Safari Rally au ile wikendi ya kuchanga pesa ya nyumba mkiwa watu kumi, unaijua ile sehemu ambapo matatu inaanza kushuka na masikio yanaziba. Kila mtu anatoa simu. Longonot iko pale, mawingu yako chini yako, picha inaenda status kabla hata dereva hajafika Mai Mahiu. Sasa fanya hivi: fungua hiyo picha tena uiangalie kama mpimaji ardhi. Nyuma yako ukuta wa Nyandarua. Mbele kabisa, ukuta wa Mau. Katikati ni tambarare. Mvua ikinyesha kwenye kuta mbili, maji yataenda wapi?

Yataenda chini. Na yakifika chini, hayana pa kutokea. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini mwishoni mwa 2025 watu wa Kihoto, Naivasha, walikuwa wanatolewa kwenye nyumba zao za mawe kwa boti, na kwa nini huko Baringo kuna zahanati ambayo sasa ni makazi ya samaki. Utaelewa pia kwa nini yule jamaa anayekupigia kila Jumatatu kuhusu ploti "ya kuangalia ziwa" anafaa kuulizwa maswali mawili matatu kabla hujatuma deposit.

Tuanze na maji yenyewe. Mito mingi tuliyofundishwa shuleni inaishia baharini. Tana unaenda, Athi unaenda, hata Nzoia ukiingia Victoria maji yake hatimaye yanapata njia ya Nile mpaka Mediterania. Sakafu ya Bonde la Ufa si hivyo. Malewa na Gilgil inaingia Naivasha. Njoro, Makalia na Nderit inaingia Nakuru. Molo na Perkerra inaingia Baringo. Kerio na Turkwel inaenda Turkana, ambako zaidi ya hapo kuna Omo kutoka Ethiopia, unaoleta karibu asilimia 90 ya maji yote ya ziwa lile. Hakuna hata moja kati ya maziwa haya lenye mto unaotoka kwenda bahari. Ni sufuria zilizopangwa foleni kutoka Magadi mpaka mpaka wa Ethiopia, kila moja na mfereji wake wa kujaza, na hakuna iliyo na tundu la kueleweka.

Nasema la kueleweka kwa sababu Naivasha na Baringo zinavuja kidogo chini kwa chini, kupitia mawe ya volkeno. Ndiyo maana maji yake ni baridi na unaweza kuvua samaki, wakati Nakuru, Elementaita na Bogoria ni magadi matupu. Lakini mlango mkubwa wa maji kutoka ni jua. Naivasha kwenyewe mvua ni kama milimita 650 kwa mwaka. Jua linavuta zaidi ya mara mbili ya hiyo. Yaani ziwa likitegemea mvua inayolinyeshea lenyewe, litakauka. Linaishi kwa deni la milima. Nyandarua ikinyeshewa vizuri, Malewa unalipa. Nyandarua ikikosa, ziwa linarudi nyuma, nyasi zinaota, na mtu anakuja na kamba ya kupimia ploti.

Na hapa kuna hesabu ambayo hakuna aliyenifundisha kabla sijaachana na chuo mwaka wa pili, na baada ya kuielewa nimeshangaa kwa nini haiko kwenye habari za saa moja. Ziwa lisilo na mto wa kutoka likipata maji zaidi, haliwezi kuyamwaga. Kitu pekee linaloweza kufanya ni kutanuka, mpaka uso wake uwe mkubwa kiasi kwamba jua litavuta kile kinachoingia. Na sakafu ya bonde ni bapa. Pale ambapo ardhi ni bapa, ziwa likipanda mita moja tu linaweza kula mamia ya mita za ufuo. Ndiyo maana Nakuru, ambalo lilikuwa kama kilomita 40 za mraba, lilifika karibu 68 kufikia 2020. Halikuhitaji gharika ya Nuhu. Lilihitaji miaka kumi ya mvua nzuri mfululizo.

Maji yalianza kupanda kama 2010 na 2011. Wakati huo sisi wengine tulikuwa shule ya msingi na hatukuwa na habari. Nakuru lilifunika lango kuu la mbuga ikabidi lijengwe lingine. Flamingo, wale ndege wa waridi walio kwenye kila kalenda ya Kenya, wakaanza kuhama kwa sababu maji yalipozidi, magadi yakawa mepesi na chakula chao kikapungua. Wengi wakaelekea Bogoria. Bogoria nalo likapanda, likafunika lango lake kule Loboi na baadhi ya zile chemchemi za maji moto ambazo watalii walikuwa wanachemshia mayai. Baringo likameza hoteli, shule, zahanati na barabara. Ikafika 2020, watu wakaanza kuogopa kwamba Baringo na Bogoria zitakutana, maji ya magadi yaingie kwenye maji baridi, na samaki wa Baringo waishe. Hazijakutana. Lakini hiyo hofu haikuwa ya watu wa mitandao. Ilikuwa kwenye meza za serikali.

Mwaka wa 2021, Wizara ya Mazingira na shirika la UNDP walitoa ripoti kuhusu jambo hili. Walihesabu karibu familia 76,000 zilizoathirika katika kaunti 13, watu karibu 380,000 waliohitaji msaada. Hebu isome hiyo nambari polepole. Uwanja wa Kasarani unajaa watu kama 60,000. Ujaze mara sita, na bado kuna watu wamebaki nje kwenye foleni.

Sasa kwa nini? Hapa ndipo kila mtu anakuwa profesa.

Kuna wanaosema ni ardhi yenyewe inasonga, Bonde la Ufa linapasuka, sakafu inashuka. Kuna wanajiolojia wameitaja hiyo, na ni kweli bonde linapanuka. Lakini linapanuka milimita chache kwa mwaka. Na kuna kitu kingine kinachoniharibia hiyo story: Ziwa Victoria, ambalo haliko ndani ya ufa, lilipanda wakati ule ule. Mei 2020 lilivunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964. Mei 2024 likaivunja tena. Kama sababu ingekuwa ufa wa chini ya Baringo, Victoria lingejuaje? Kitu pekee ambacho Victoria, Naivasha, Nakuru, Baringo na Turkana yanatumia pamoja ni anga.

Turkana ndilo linanishawishi zaidi. Ethiopia ilipojenga bwawa la Gibe III kwenye mto Omo, lililoanza kujazwa 2015, wengi tuliambiwa Turkana litakuwa kama Bahari ya Aral, mchanga na mashua zilizolala ubavu. Woga huo ulikuwa na msingi, na bado unao, kwa sababu mashamba ya umwagiliaji yanaweza kunywa mto. Kiwango kilishuka wakati bwawa linajazwa. Halafu mvua ikaja, na badala ya kulia ziwa linakauka, watu wa kando ya Turkana wakawa wanahamisha manyatta kukimbia maji.

Mwaka wa 2021 Mathew Herrnegger na wenzake wa chuo cha BOKU kule Vienna walichapisha utafiti uliopiga hesabu ya mvua na uvukizi wa maziwa haya, na jibu lao halikuwa la sinema: mvua imeongezeka, na kwa ziwa lisilo na mto wa kutoka, badiliko dogo la mvua linatosha kuleta badiliko kubwa la ufuo. Basi.

Usifurahi haraka, wewe uliyekuwa tayari kuandika "ni mapenzi ya Mungu" kwenye komenti. Mvua inaeleza wingi wa maji. Haielezi yanavyoshuka. Mwaka 2001 serikali ilikata zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki, pale ambapo mto Njoro unaanzia, na kuzigawa. Msitu ni sponji. Shamba la viazi ni sahani. Mvua ile ile iliyokuwa inachukua wiki kufika ziwani sasa inafika na haraka zake, na inabeba udongo. Ukiona Perkerra ikiwa imefurika kule Marigat, hayo si maji, ni uji wa kahawia. Udongo huo unatua chini ya Baringo mwaka baada ya mwaka, na sufuria iliyojaa matope inafurika mapema. Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia mvua ndiyo iliyojaza ziwa, na sisi ndio tuliopunguza nafasi yake na kujenga kwenye ukingo. Kiasi gani ni kosa la nani, hapo wanasayansi bado wanapimana.

Kuna upande mwingine wa maji haya yenye haraka, na huo unaua kwa dakika badala ya miaka. Tarehe 29 Aprili 2024, usiku, maji yalishuka kutoka juu ya Kijabe yakapita kwenye vijiji vya Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 40. Asubuhi kila mtu alikuwa anasema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema hapakuwa na bwawa. Ni kalvati chini ya reli iliyozibwa na takataka, mawe na miti, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likaachia. Usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025, kule Chesongoch kwenye ukingo wa bonde la Kerio, mlima wenyewe uliteremka na kuua zaidi ya watu 20. Watu wa Marakwet wanaishi chini ya ukuta ule miaka na mikaka na mifereji yao ya kunyunyizia mashamba ni ya karne nyingi, kwa hiyo usije ukasema walijenga ovyo.

Turudi ziwani, kwa sababu kuna kitu pale Naivasha ambacho kinanikasirisha kuliko mvua.

Haya maziwa yanapanda na kushuka. Hiyo si siri mpya. Naivasha lilikuwa juu sana mwishoni mwa karne ya 19. Katikati ya miaka ya 1940 likawa dogo ajabu. Mvua za 1961 na 1962, zile wazee wanaita mvua za Uhuru, zikalijaza tena. Nakuru katikati ya miaka ya 1990 lilikauka kiasi cha vumbi la magadi kupeperuka mjini. Mwaka wa 2009, kipindi cha ule ukame mbaya, Naivasha lilishuka na magazeti yakaandika kwamba linakufa, na lawama zikaelekezwa kwa mashamba ya maua. Miaka miwili baadaye likaanza kupanda na halijasimama vizuri tangu hapo. Ukiishi hapo miaka kumi utaona ziwa la aina moja. Ukiishi miaka themanini, kama wale wazee ambao hakuna anayewauliza, utaona matatu au manne tofauti, yote yakiitwa Naivasha.

Wakoloni walilijua hili. Enzi zao waliweka mstari kuzunguka Naivasha kwenye mwinuko wa futi 6,210, kama mita 1,893 juu ya usawa wa bahari, na ardhi iliyo chini ya mstari huo ikahesabiwa kuwa ni ya ziwa hata kama leo ni kavu na ina ng'ombe. Wenye mashamba waliruhusiwa kuitumia, lakini walijua ni ya kuazima. Sio kwamba nawasifu. Walijiwekea mstari huo kwa faida yao, baada ya kuwafukuza Wamaasai. Ila mstari ulikuwepo, kwenye ramani, na nambari.

Sasa niambie: mji ulipokua, mashamba ya maua yalipoleta wafanyakazi kwa maelfu kutoka kila kona ya nchi na wote wakahitaji pa kulala, nani alikuwa anaangalia ule mstari? Mitaa ikaota. Kihoto haikuanza kama mtaa wa mabati. Kuna ghorofa pale, kuna watu walioweka mafao yao yote ya kustaafu. Maji yalipoingia 2020, na yakarudi vibaya zaidi 2025, wakubwa wakasema hao wamejenga kwenye ardhi ya ziwa. Wakazi wakajibu, wengi wao, tuna hati. Na hapo mjadala wetu wa kitaifa ukaishia, kila upande ukirusha neno moja: kando ya ziwa, hati, kando ya ziwa, hati.

Mimi naona pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema ukweli, na hilo ndilo baya. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema mito na maziwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 40 kinalinda mali yako, ila hakilindi iliyopatikana kinyume cha sheria. Sawa. Lakini hati haijichapishi. Kuna mpimaji aliyeweka vigingi, kuna ofisi iliyopiga muhuri, kuna kaunti iliyopokea ada ya ardhi, kuna watu walioleta nguzo za stima na mita ya maji. Ikiwa ploti iko chini ya mstari, basi kila mmoja wa hao alipokea pesa kwa kuuza sakafu ya ziwa. Ikiwa iko juu ya mstari, basi huyo mama anayepanda boti kwenda kuchukua sufuria zake ni mtu aliyepoteza mali halali kwa janga, na anastahili kusaidiwa kama mkimbizi yeyote. Huwezi kutumia jibu moja leo na lingine kesho, kutegemea ni wakati wa kukusanya ada au wakati wa kugawa mahema.

Baringo hawana hata hiyo anasa ya kubishana kuhusu hati. Wailchamus walikuwa pale kabla ya ramani, ardhi nyingi ni ya jamii, na malisho yao ndiyo yalikuwa ufuo wenyewe. Maji yalipopanda yalikuja na mamba na viboko mpaka karibu na madarasa. Baadhi ya wakazi wameishtaki serikali mahakamani wakisema ilijua mabadiliko ya tabianchi yanakuja na ikakaa kimya. Ni kesi ya kufuatilia, maana wakishinda, kila mtu aliye kando ya maji nchini atakuwa na mahali pa kuanzia.

Na wacha niseme hili hata kama litaniletea matusi. Wakati ule ule, rasi ya Longicharo ndani ya Baringo iligeuka kisiwa na twiga wakakwama juu yake. Kati ya mwisho wa 2020 na Aprili 2021 wakajengewa chelezo maalum ya chuma, wakavushwa mmoja mmoja mpaka nchi kavu, na dunia nzima ikatazama video. Sina noma na twiga. Ni wachache, ni wazuri, na kazi ile ilifanywa vizuri. Lakini ukimuuliza mtu wa mjini leo nini kilitokea Baringo, atakwambia twiga. Hatakwambia Salabani wala Ng'ambo. Hatakwambia Mwariki kule Nakuru, ambako familia ziliacha nyumba na maji yakabaki hapo hapo, si mafuriko ya wiki moja unayosubiri yapungue, bali ziwa limeingia sebuleni na limekaa kitako.

Mimi na wewe tunaingia wapi? Kwanza, stima unayochajia simu: sehemu kubwa inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, hapo hapo kando ya Naivasha. Pili, ploti. Kizazi chetu kimeambiwa kodi ni ya wajinga, nunua ardhi ungali kijana, lipa kidogo kidogo, na mahali bei imepanda Kiambu na Kajiado, mabroka wameelekea Bonde la Ufa. Naivasha, Gilgil, Elementaita. Video ina muziki, drone inapita juu ya maji, kijana wa suti anasema hati iko tayari.

Mwulize mwinuko wa ploti ni mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Si kwa kukisia kwa simu, simu inakosea mita nyingi. Akuletee cha mpimaji aliyesajiliwa. Mwulize maji yalifika wapi 2020. Akisema hajui kwa sababu hakuwa hapo, panda bodaboda, nenda kwa mzee yeyote aliyezaliwa kabla ya uhuru, mwulize mvua za 1961 zilipokwisha ziwa lilikuwa limefika mti gani. Halafu fanya utafutaji wa hati mwenyewe, usiletewe nakala kwa WhatsApp.

Na kuna kitu kimoja ningeomba serikali, bei rahisi kuliko kamati yoyote. Kiwango cha maji ya Naivasha kimekuwa kikipimwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Rekodi zipo. Zichorwe kwenye bango moja kubwa, mstari ukipanda na kushuka mwaka kwa mwaka, futi 6,210 ikiwa kwa rangi nyekundu, libandikwe pale stendi ya Naivasha ambapo mabroka wanawasubiri wateja washuke kwenye matatu za Nairobi.